Mwenzako Mgumu wa Gitega

Keza mwanangu,

Kuhusu safari sina la kukuambia. Wewe ndiye uliyekata tiketi, wewe ndiye uliyepiga simu kuulizia vyumba Dar, na mkoba umeufunga na kuufungua mpaka zipu imechoka. Habari za kula vizuri na kutosinzia simu ikiwa mkononi utazisikia kwa shangazi yako, ambaye najua atapiga kabla basi halijatoka stendi ya Nyabugogo. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda tangu juzi.

Juzi nilikusikia ukifanya mazoezi ya kujibu maswali ya usaili.

Ulidhani bado niko Muhima nanunua sabuni. Nilikuwa nimesharudi, nikapitia mlango wa uani kwa sababu ya matope, nikasimama kwenye meza ya pasi nyuma ya pazia na foronya za ile gesti ya Remera. Wewe na Solange mlikuwa sebuleni. Binamu yako alikuwa amejifanya bosi wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, amevaa miwani yangu, anasoma maswali kwenye simu. Nilifurahi, nikwambie ukweli. Niliweka pasi pembeni nikasikiliza jinsi unavyojibu, Kiswahili kimenyooka, kile nilichokuletea kutoka Ngara na ambacho wenzako shuleni walikuwa wanakucheka nacho. Nikajisemea, haya, leo kimepata kazi.

Kisha Solange akasema, "Sawa, Madamu. Tueleze ulivyofanya kazi na mwenzako mgumu. Na mlimaliza namna gani?"

Ukajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeliandaa siku nyingi. Ukasema kwamba katika kazi yako ya mwisho kulikuwa na mwenzako mmoja, mtu mzima, mchapakazi lakini mgumu.

"Anaitwa nani?"

"Yewe, majina hayatajwi."

Mkacheka. Mimi pia nilitabasamu huko nyuma, nikijiuliza ni nani huyo, maana kazi yako ya mwisho ni hapa kwetu dobini, na tangu umalize chuo hujafanya kazi kwingine. Wazee kama mimi tunachelewa kuelewa. Ukaendelea: mtu huyo hakubali kukosolewa, hasemi asante, kazi uliyoimaliza anaifungua na kuirudia mbele yako. "Hata tukikunja mashuka, kila mara ni neno moja tu. Unavuta. Unavuta."

Hapo nikajua.

Sikukasirika, Keza. Ningependa uniamini katika hilo, ingawa sijakupa sababu nyingi za kuniamini nikisema sijakasirika. Nilichohisi kilikuwa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu neno hilo si langu. Mimi mwenyewe niliambiwa. Na mimi pia niliwahi kukaa mbele ya watu, nikaulizwa swali hilohilo, nikamtumia mtu aliyeniambia neno hilo kupatia kazi.

Unajua kwamba kabla korona haijafunga hoteli nilikuwa mkuu wa dobi kule Remera. Hujui nilivyofika kwenye ukuu huo. Nilikuwa nawaambia watu kwamba ni kwa jasho langu, na jasho lilikuwepo, lakini halikuwa peke yake.

Nilipoanza, kwenye chumba cha kufulia tulikuwa wawili, mimi na mwanamke aliyeitwa Donatila. Yeye alikulia Bujumbura, mimi Ngara. Wote wawili Wanyarwanda, wote tumerudi nchi ambayo tulikuwa tumesimuliwa tu, lakini pale hotelini mimi niliitwa Mtanzania na yeye Mrundi, na sisi wenyewe tukaitana hivyohivyo. Kinyarwanda chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, changu kilikuwa cha mtoto aliyesomea Kiswahili, basi tukizungumza tulitumia Kiswahili. Ungedhani jambo hilo lingetuunganisha. Lilitupa tu lugha ambayo wengine hawakuielewa vizuri, ya kuumizana bila kusikiwa.

Alikuwa mgumu. Nakuandikia hivyo leo, na yeye amekwishazikwa, na sitambadilisha kuwa malaika kwa sababu amekufa. Angeweza kukaa wiki nzima bila kukusalimia, na usijue umekosa nini. Chakula alikula peke yake, amegeukia ukuta. Michango ya harusi za wenzetu hakutoa, na harusini hakwenda. Ukimuuliza kitu anakutazama kwanza, kama mtu anayepima kama unastahili jibu. Na usafi wake ulikuwa wa adhabu: akikuta doa kwenye shuka nililolipitisha, hasemi, analitupa chini miguuni kwangu.

Sasa wewe umekunja nami miaka miwili, kwa hiyo sina haja ya kukueleza kazi ya shuka la kitanda kikubwa. Lakini nitalieleza, kwa sababu sijawahi kukueleza, nilikuwa nakukemea tu. Mtu mmoja halimudu. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja na pembe zake mbili, mnalinyoosha, mnalikunja kwa urefu, halafu mnatembea mpaka mkutane katikati. Mmoja anapokea pembe za mwenzake, mwingine anainama kuushika mkunjo wa chini, kisha mnarudi nyuma tena. Mnakutana uso kwa uso kila shuka, kutwa nzima. Hata kama hampendani, mikono inagusana. Na nguvu zenu lazima zilingane. Anayevuta zaidi anamnyang'anya mwenzake, pembe inachomoka, shuka linaanguka sakafuni, linarudi kufuliwa.

Mimi nilikuwa navuta. Nilikuwa na haraka, nilikuwa kijana, nilitaka kumaliza niondoke. Na Donatila alikuwa ananiambia, bila kuinua sauti, "Weye unavuta." Asubuhi, mchana, jioni. "Unavuta tena." Nilimchukia kwa neno hilo kuliko kwa mambo mengine yote.

Basi mkuu wetu akapata kazi Kampala, nafasi yake ikawa wazi, na hoteli ikasema itamchagua mmoja wetu. Tukaitwa kwenye usaili siku moja, mimi kwanza, yeye baadaye. Ndani walikuwa watu watatu: meneja, mhasibu, na mama mmoja wa utumishi mwenye sauti ya upole. Huyo mama ndiye aliyeuliza. Tueleze ulivyofanya kazi na mwenzako mgumu.

Nikasema, "Kuna mwenzangu mmoja." Keza, tulikuwa wawili.

Nilikuwa nimeambiwa na watu kwamba kutotaja jina ndiyo heshima. Kwa hiyo sikutaja. Nilieleza tu jinsi mwenzangu mmoja anavyotupa mashuka chini, anavyokula amegeukia ukuta, anavyonuna. Meneja akatabasamu. Nilipoliona tabasamu lile nikaongeza. Nikainuka kwenye kiti nikawaonyesha anavyosimama na pembe zake mbili, kidevu juu, "weye unavuta", kwa sauti yake ya Bujumbura. Wakacheka wote watatu. Mhasibu alivua miwani akafuta macho. Sijawahi kuwachekesha wakubwa maishani mwangu kabla ya siku ile, na nitakuambia jambo baya: ilikuwa tamu. Nikamalizia kwamba mimi namvumilia kwa sababu najua ana matatizo yake, na sasa tunafanya kazi vizuri. Wakaandika.

Mlangoni nikampisha Donatila akiingia. Alikuwa amevaa blauzi ya kanisani.

Hakukaa sana. Alipotoka nilimuuliza, kwa ule uso wa mtu asiye na hatia ambao nakushauri usijifunze, "Wamesemaje?"

Akanitazama kwanza, kama kawaida yake. "Wameniuliza kwa nini nawatupia wenzangu mashuka chini."

Nikaanza kuvaa aproni yangu. Naye akasema, "Twende. Mashuka ya gorofa ya pili yamekauka."

Tukaenda tukakunja. Nilikuwa nasubiri anitukane, na kama angenitukana ningepona mapema. Tulisogea, tukakutana, akapokea pembe zangu, tukarudi nyuma, tukakutana tena. Siku ile hakuniambia navuta. Wala siku iliyofuata. Ikafika mahali nikawa navuta makusudi, kwa nguvu, ili aseme. Shuka likamchomoka mikononi, likaanguka, akaliokota akalipeleka kwenye kapu la kufuliwa bila neno. Hakuniambia tena mpaka alipoondoka.

Cheo nilikipata mimi. Ilipofika wakati hoteli inapunguza watu, hakuna aliyeniuliza aondoke nani. Nilijiliwaza kwa hilo kwa muda mrefu, kwamba sikuulizwa. Waniulize nini, na jibu langu walikuwa nalo? Kwenye barua yake waliandika kwamba hashirikiani na wenzake. Alinionyesha karatasi ile, hakusema kitu, akaikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, akaondoka nayo.

Tulipohamia mtaa huu wa Gitega baada ya baba yako kufariki, nilimkuta anauza parachichi na nyanya kule chini barabarani. Wewe ulikuwa mdogo, ulinivuta mkono ukitaka parachichi, na mimi nikakuambia zile ni mbichi. Hazikuwa mbichi. Tulisalimiana, "Amakuru?" "Ni meza," habari, ni nzuri, kisha kila mtu akaangalia upande wake. Miaka yote tuliyokaa mtaa mmoja hatukuvuka hapo. Unajua jiji hili. Watu wanaishi karibu na waliowatendea makubwa kuliko mashuka, na bado wanaulizana habari, na habari ni nzuri. Nikajificha kwenye adabu hiyo.

Alipokufa nilikwenda kwenye kilio. Wakati huo ulikuwa umeanza chuo. Nilikaa nyuma, kwenye benchi la karibu na lango, nikashika soda ambayo sikuinywa. Na unajua desturi ya hapa: jioni watu wanaombwa wamsimulie marehemu. Akasimama jirani, akasimama mtu wa kwaya, kisha kiongozi wa shughuli akauliza kama kuna aliyefanya naye kazi. Mtu mmoja akanionyesha kwa kidole. Nikapewa kipaza sauti.

Lilikuwa swali lilelile, Keza. Tueleze mlivyofanya kazi pamoja. Nikasimama, na mdomo wangu ukajua la kufanya. Nikasema alikuwa mtu mzuri, mwenye bidii, aliyependa ushirikiano. Nilisema ushirikiano, mimi, mbele ya dada yake. Watu wakaitika kwa vichwa. Nikakaa.

Baadaye dada yake akanifuata na sahani ya wali. Mwanamke mnene, mcheshi, hafanani naye hata kidogo. Akaniuliza, "Ni weye yule Mtanzania wa hoteli?"

Nikasema ndimi.

"Alikuwa anakutaja." Akaniwekea sahani magotini. "Alikuwa anasema, yule Mtanzania alinivutia mashuka mpaka mabega yakaharibika. Tukikunja nguo hapa nyumbani, mmoja akikosea, anamwambia, usiwe Mtanzania." Akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka, maana neno hilo nyumbani kwao lilikuwa la kila siku. Na mimi nikacheka nao.

Hakuwa amemwambia habari ya usaili. Au alikuwa amemwambia na dada akanisitiri, sijui. Nilichokielewa kwenye benchi lile ni kwamba kumbe na mimi nilikuwa mgumu wa mtu. Miaka yote nilidhani hadithi ilikuwa na mgumu mmoja.

Ungedhani mtu aliyejifunza hivyo angebadilika. Nimefikiri sana kwa nini sikubadilika. Korona ikafunga hoteli, nikanunua mashine ya mitumba, nikafungua dobi hapa uani, na ulipomaliza chuo ukakosa kazi nikakuweka upande wa pili wa shuka. Siku ya kwanza tu, mdomo wangu ukasema unavuta. Nilisikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu, kidevu juu na kila kitu. Nikanyamaza siku ile. Ya pili nikasema tena, na kuanzia hapo sikusikia tena kwamba ni sauti ya mtu mwingine. Nikakufungulia mashuka uliyokwisha kuyakunja. Nikawa nakula nimegeukia mashine. Nilijiambia nakufundisha kazi.

Sasa turudi sebuleni, maana hukuishia kwenye kuvuta.

Ulimwambia Solange kwamba siku moja mwenzako mgumu alikugombeza mbele ya mteja, kwa kosa ambalo halikuwa lako. Hiyo naijua. Ni siku yule meneja wa gesti aliporudisha mashuka yake meupe yametoka na wekundu, na mimi, badala ya kumwomba radhi mteja, nikakugeukia wewe. Nilikuuliza mbele yake kama digrii yako haikukufundisha kutenganisha nguo. Aliangalia pembeni, yule mwanaume. Alikuonea huruma mtu baki, na mama yako amesimama hapo.

Kisha ukasema hivi, na haya nayakumbuka neno kwa neno: "Sikumjibu. Jioni nilimfuata nikamweleza kwa heshima jinsi nilivyoumia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, samahani, nilikosea. Tangu siku hiyo tulifanya kazi vizuri sana."

Nilisimama pale, pasi nimeirudisha juu ya foronya bila kujua, nikiitafuta jioni hiyo. Niliitafuta kweli. Nilijiuliza labda nilisema nikasahau, uzee una mambo yake. Lakini Solange akanisaidia kupata jibu. Aliivua miwani yangu, akakuuliza kwa sauti yake ya kawaida, "Keza, na ni kweli alisema hivyo?"

Ukachukua simu mkononi mwake. Kisha ukasema, "Ni jibu tu, Solange."

Foronya ile iliungua. Ndiyo harufu uliyoniuliza ulipoingia, nikakuambia ni umeme.

Keza, jioni ile ya kweli ilikuwa hivi. Ulikuwa umeingia chumbani umefunga mlango. Mimi nilikwenda kusafisha mashine, nikaingiza mkono nyuma ya ule mpira wa mlango, nikatoa kilemba changu chekundu. Kile cha kanisani. Nilikuwa nimekivua kwa joto nikakiweka juu ya kapu la mashuka, na nikalimwaga kapu zima kwenye mashine mimi mwenyewe. Nilikitazama, kinachuruzika maji mekundu mkononi mwangu. Nikakitia mfukoni mwa aproni. Halafu nikaenda jikoni nikakukaangia ndizi mizuzu.

Ulikula. Ukasema, "Asante, mama." Nikaona yameisha. Mama yangu naye alifanya hivyohivyo kule Ngara, samahani yake ilikuwa inapikwa, unaikuta mezani ina mafuta, unaila, mnaendelea. Nilisahau kwamba mimi nilikuwa nabaki na njaa baada ya kuila. Na ulipokiulizia kile kilemba Jumapili, nikasema kimeibiwa kwenye kamba.

Kwa hiyo umekwenda ukajitungia neno ambalo hukupewa, na umelitunga kwa ajili ya watu usiowajua. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kuitaka samahani kiasi cha kuiandika kwenye majibu ya kazi. Nimeuguza wazazi, nimemzika baba yako, lakini lile "ni jibu tu" limenikaa vibaya kuliko nilivyotarajia.

Na kwa kuwa leo nasema yote, niseme na hili. Tangu barua ya kukuita usaili ilipofika, kuna siku nimeomba ushindwe. Si kwa maneno, nisingethubutu kumwambia Mungu waziwazi. Lakini nikipiga magoti kuombea safari yako nasikia ndani yangu mtu anasema, na arudi. Nilidhani ni mapenzi. Sasa naona ni Mtanzania yuleyule, ameshika pembe zake mbili, anavuta. Wewe una haki ya kwenda na hata ya kukaa usirudi. Wengine walioondoka mtaa huu hawarudi ila kuzika, na mimi najua ni mtu wa aina gani unayemwacha hapa.

Kuhusu swali lao, ushauri wangu ni mdogo, na umetoka kwa mtu aliyelijibu vibaya akapata kazi. Wale watu hawataki kumjua mwenzako. Wanataka kusikia siku moja utakavyowasema wao. Ukiona wanaanza kucheka, punguza. Ukiona mmoja hacheki, huyo mtazame vizuri, huenda na yeye kuna mahali ametajwa bila jina. Na usinisitiri kupita kiasi. Ukisema nilikuwa mgumu, ni kweli. Ukisema nilikurudishia kazi nzuri kwa sababu ya pembe moja, sema. Mimi siwezi kuwa kwenye chumba kile nikajitetee, na hata ningekuwepo, sina utetezi.

Ila pale kwenye mwisho nisingependa uende na uongo. Si kwa sababu watagundua. Watu wale wanasikia jibu hilo kila siku, wanaandika tu. Ni kwa sababu utalisema kwa ufasaha mpaka ulizoee, kama nilivyozoea langu, na siku moja utapewa kipaza sauti mahali nami niko kwenye sanduku, na mdomo wako utajua la kufanya.

Basi soma hapa. Mashuka ya gesti yaliharibiwa na kilemba changu. Nilijua jioni ileile. Nilikugombeza mbele ya mteja kwa kosa langu, na nilipojua nikanyamaza. Samahani, Keza. Nilikosea.

Sasa jibu lako ni la kweli, isipokuwa lile la mwisho, kwamba tangu hapo tulifanya kazi vizuri. Hilo liondoe. Wakikuuliza mlimaliza namna gani, waambie aliomba radhi kwa kuchelewa, na wewe ulikuwa umeshaondoka.

Ningeweza kukuambia haya uso kwa uso. Mlango wako uko hapo, taa yako inawaka, nasikia bado unahangaika na zipu. Nimefika mlangoni, nikasikia unaimba kidogo, nikarudi. Ndivyo nilivyo, na umri huu sitakudanganya kwamba nitabadilika ukivuka mpaka wa Rusumo. Barua nitaitia katikati ya lile shuka jipya la kitanda kikubwa nililokununulia, chini kabisa ya mkoba, ili uione ukishafika na si kabla.

Shuka hilo nimelikunja peke yangu. Nimejaribu ukutani, nimejaribu kitandani, nimelishika kwa kidevu. Pembe zimekataa kukutana, na wewe mwenye jicho utaliona mara moja. Ukifika huko utakapolala, mwombe mtu akushikie upande wa pili, mlikunje upya. Na akivuta, mwachie kidogo. Usimwambie.

Mama yako,
wa dobi la Gitega